Natafuta wimbo: sina jina, sina mwimbaji

Najua wengine mmeshaanza kuulizana kama nimehama chuo au nimedisko. Sijadisko jamani, bado nipo Mlimani, nagombania kiti maktaba kama kawaida. Ukimya huu wa wiki tatu una sababu yake, na leo nimeamua kuisema yote bila kupunguza. Nilikuwa natafuta wimbo.

Msinicheke. Someni kwanza.

Ilianza na feni. Wanaokijua chumba chetu wanalijua lile feni la darini, lile linalokwaruza kama linadai mshahara. Jumatano moja usiku umeme ulikatika, ukarudi kama saa nne hivi, feni likaanza kuzunguka: ting, ti-ti-ting, ti-ti-ting. Nimelala chali, nikajikuta natikisa mguu. Afu nikaanza kuunguruma besi kwa mdomo. Profesa (siyo profesa kweli, ni mwenzangu wa chumbani, tunamwita hivyo kwa ajili ya miwani yake) akanyanyua kichwa kutoka kwenye kompyuta.

"Huo wimbo gani?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikakuta sijui. Wimbo mzima ninao kichwani tangu utotoni, lakini jina sina, mwimbaji sina, hata lugha yake sina uhakika nayo.

Nikamweleza nilichonacho. Kwanza kuna ngoma, za mbio mbio, hasa ile sahani ya shaba inayogongwa kama feni letu. Kuna besi inayorudia kitu kilekile bila kuchoka. Kuna mwanamke anayerudia maneno machache ya Kizungu, haimbi sana, ni kama anawaomba watu kitu. Kuna chombo cha kupuliza, tarumbeta au saksafoni, enzi hizo nani alikuwa anajua tofauti. Na katikati ya yote hayo kuna mwanaume anasema kwa Kiswahili safi kabisa: "Kaeni vizuri huko nyuma."

"Kwa Kiswahili?" Profesa akauliza.

"Kwa Kiswahili. Nakumbuka vizuri sana."

Niliusikia kwenye gari la baba, Corolla nyeupe, kati ya mwaka 2008 na 2010, nikiwa shule ya vidudu na madarasa ya kwanza kwanza. Ulikuwa kwenye kaseti ya dakika 90, TDK, ambayo juu yake pameandikwa neno moja tu kwa kalamu ya bluu: JIONI. Wimbo wenyewe ulikuwa wa mwisho upande A, na mkanda uliisha kabla ya wimbo. Chombo kinapoanza kunoga, unasikia tap! Kimya. Baba anacheka, anageuza kaseti. Kwa hiyo hata mwisho wake sikuwahi kuusikia.

Baba alifariki mwaka 2011. Gari liliondoka, kaseti ikaondoka na gari. Habari ya gari nitaifikia, vuteni subira.

Sasa Profesa anasoma mambo ya kompyuta, kwa hiyo kwake hakuna tatizo lisilo na programu. Akafungua programu moja ya kutambua nyimbo, akanisogezea simu mdomoni. "Imba." Nikaimba. Simu ikafikiri weee, ikasema haijapata kitu. Nikaimba tena, safari hii na besi. Haijapata kitu. Profesa akaisogeza simu kwenye feni. Haijapata kitu. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Afu akanieleza, na kiukweli nilijifunza kitu. Programu hizi hazisikilizi wimbo kama sisi tunavyosikiliza. Iliyo maarufu kuliko zote ni Shazam, ilianza Uingereza mwaka 2002. Wakati huo simu janja hazijaja, mtu anapiga namba 2580, anaelekeza simu kwenye spika, halafu analetewa jina la wimbo kwa meseji. Kinachofanyika ni hivi: inachorwa picha ya sauti, zinachaguliwa zile sehemu zenye nguvu kuliko nyingine, zinabaki kama nyota angani usiku. Kisha kwenye ghala inatafutwa rekodi yenye nyota zilizopangwa vilevile. Ndiyo maana inaweza kuutambua wimbo hata baa penye makelele. Lakini lazima iwe rekodi yenyewe. Ukiimba wewe, hizo ni nyota zako, siyo za mwenye wimbo.

Zipo pia huduma za kutafuta kwa kuimba au kupiga mluzi, Google walitoa ya kwao Oktoba 2020. Hizo zinafuata sauti inavyopanda na kushuka. Tukajaribu moja. Tatizo likawa kwangu tena: wimbo wangu haupandi wala haushuki. Besi inazunguka pale pale, yule mama anasema maneno yale yale, sahani inagongwa. Jaribu kupiga mluzi wa ngoma uone. Profesa akavua miwani, akaifuta, akasema, "Mtu wangu, wewe huna wimbo. Una feni." Akalala.

Mimi sikulala.

Kesho yake nikamwendea mzee mlinzi wa hosteli, yule wa kofia ya sufi hata jua likiwaka vipi. Yeye na redio yake hawaachani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, natafuta wimbo mmoja hivi wa jazi, wa zamani kidogo."

Macho yakamng'aa. "Jazi ipi? Ya Morogoro, ya Tabora, au Jamhuri ya Tanga?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kwa wazee wetu jazi ni jambo jingine kabisa. Morogoro Jazz aliyokuwa akipiga Mbaraka Mwinshehe, Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz: hizo ni bendi za dansi, magitaa na saksafoni, watu wanacheza mpaka asubuhi. Neno lilitoka Marekani, likafika huku likapewa kazi nyingine, na likaifanya vizuri tu. Mzee alinikalisha nusu saa. Nilipomtajia yule mwanaume wa "kaeni vizuri huko nyuma", hakusita hata kidogo. "Huyo ni kiongozi wa bendi. Anawaambia wapiga magitaa."

Jamani, iliniingia akilini! Siku mbili nzima nilisikiliza bendi za kale mpaka bando likaisha. Nyimbo tamu sana, nimepata nyingine za kubaki nazo maisha. Lakini hakuna hata moja iliyokuwa ya Corolla.

Wa tatu kumwendea ni jamaa anayepiga kinanda kwenye kwaya, tunayesoma naye. Huyu hakutaka programu. Alinisikiliza nikiunguruma, akafumba macho, akasema: "Hiyo siyo dansi. Hiyo ni jazi ya Wamarekani iliyotiwa kwenye mashine." Akanieleza kwamba kuna watu wanachukua kipande cha rekodi ya zamani, wanakikata, wanakizungusha kirudie rudie, afu juu yake wanaweka ngoma za kompyuta au wapigaji wapya. Akanichezea "Cantaloop" ya Us3, iliyomo kwenye albamu yao ya 1993, halafu "Cantaloupe Island" ya Herbie Hancock ya 1964, ambako ile piano ilitolewa. Nikasikiliza moja, nikasikiliza ya pili. Nywele zilisimama. Siyo wimbo wangu, lakini ni ndugu yake. Ukoo nilikuwa nimeupata.

Akaniwekea "Take Five" ya Dave Brubeck Quartet, ya mwaka 1959, iliyotungwa na Paul Desmond, mpuliza saksafoni wao. Nikaruka. "Hapo! Kuna kitu hapo!"

"Hesabu," akasema. Tukahesabu. Moja mbili tatu nne tano, moja mbili tatu nne tano. "Sasa wako." Nikaunguruma, akahesabu kwa vidole. Moja mbili tatu nne. "Basi siyo. Huu unakwenda kwa tano, wako unakwenda kwa nne." Nikakubali kwa shingo upande. Kumbe hapo tuliukaribia kuliko tulivyojua, lakini subirini.

"Na bado kuna tatizo," akaongeza. "Mmarekani gani huyo wa kuwaambia watu wakae vizuri huko nyuma?"

Sikuwa na jibu.

Sasa wadau, kuna kitu nimewaficha tangu mwanzo wa habari hii. Ukweli ni kwamba tangu ile Jumatano usiku nilikuwa namjua mtu anayeujua huo wimbo. Lile neno JIONI ni mwandiko wake. Kaseti alirekodi yeye, akamletea baba zawadi. Ni baba mdogo, mdogo wake baba, wa kufuatana ziwa. Programu, mzee mlinzi, jamaa wa kinanda, wote hao niliwaendea ili nisimpigie yeye.

Baba alipofariki, hata arobaini haijafika, baba mdogo alikuja nyumbani asubuhi, akachukua ufunguo kwenye msumari, akaondoka na Corolla. Jioni ikajulikana limeuzwa. Alizungumza habari ya madeni ya marehemu. Mama hakuwa ameulizwa wala kuonyeshwa karatasi yoyote. Mimi nilikuwa na miaka 8, nimesimama mlangoni na kikombe cha uji. Mama alisema neno moja tu: "Sawa." Tangu siku hiyo jina la baba mdogo halijatajwa nyumbani kwetu. Alirudi Unguja kwenye kazi yake. Sikukuu zimepita, harusi zimepita, kila upande unasikia habari za mwenzake kwa shangazi.

Namba nikaipata kwa huyo huyo shangazi wa Tanga.

"Mama yako anajua?" akaniuliza.

"Hajui, shangazi."

"Mh," akasema. Dakika kumi baadaye namba ikaingia.

Ilikaa kwenye simu siku nne. Nilikuwa naifungua, naitazama, naifunga. Nilijiona kama msaliti, manake mama ndiye aliyeuza vitenge Mbagala mpaka mimi nikafika hapa nilipo, na mimi nampigia aliyechukua gari kwa ajili ya wimbo! Jumapili usiku Profesa alikuwa ametoka. Nikapiga.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nikataja jina. Kimya. Nikasikia upepo, au bahari, sijui.

"Kuna nini?" Sauti ilibadilika. "Nani? Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Wote hawajambo. Hakuna msiba, baba mdogo. Nilikuwa nauliza wimbo."

"Wimbo?"

"Ile kaseti ya kwenye gari. JIONI. Wimbo wa mwisho upande A, ule unaokatika."

Kwanza hakusema kitu. Afu akaanza kucheka, kicheko cha chini chini, na mimi nikashtuka kwa sababu ni kicheko cha baba. Nilikuwa nimekisahau.

Akanihadithia. Alikuwa mhudumu wa kaunta kwenye hoteli moja ya ufukweni Nungwi, na kuna Mfaransa mmoja alikaa pale wiki mbili, siku ya kuondoka akawaachia CD. Wakawa wanaipiga kila jua likizama. Wageni ambao asubuhi hawakusalimiana, yule mama akianza kusema, wanaanza kupiga makofi pamoja. Baba mdogo akairekodi kwenye kaseti kwa redio ya jikoni, mwishoni mwa upande A palipobaki nafasi kidogo, ndiyo maana mkanda ukamwishia. Jina la wimbo hakuwahi kulijua. "Ila msanii alikuwa na jina la mtakatifu," akasema. "Sent nani sijui. Wenzangu walikuwa wananitania, huyu kaleta CD ya kanisani, kumbe ni disko."

"Na yule mwanaume anayesema Kiswahili?"

"Mwanaume gani?"

"Anayesema kaeni vizuri huko nyuma."

"Hamna mwanaume mle, mwanangu. Hamna Kiswahili. Nimeupiga wimbo ule miaka na miaka."

Nikamshukuru. Nikawa nataka kukata, akasema, "Kaseti ninayo."

"Si ilikwenda na gari?"

"Gari niliuza. Kaseti niliitoa." Akapumua. "Ipo kabatini. Redio ya kuipigia ndiyo sina. Ile habari ya gari..." akaanza, afu akaacha. Sikumsaidia kuimalizia. Sikumzuia pia. Tulikaa hivyo kama dakika nzima, salio linateketea, mpaka akasema, "Soma sana, baba," tukaagana.

Mfaransa, jazi, mtakatifu. Haikuchukua hata dakika mbili. St Germain ni jina la kazi la Ludovic Navarre, mtengeneza muziki wa Ufaransa. Albamu inaitwa "Tourist", ilitoka mwaka 2000 chini ya Blue Note, kampuni ile ile ya Marekani iliyomrekodi Herbie Hancock. Wimbo wa kwanza kabisa unaitwa "Rose Rouge", yaani waridi jekundu. Nikavaa hedifoni, nikabonyeza.

Ting, ti-ti-ting.

Wadau, sijui niseme nini. Kiti cha nyuma cha Corolla kilikuwa cha kitambaa cha kijivu, kimechanika upande wa dirisha, nilikuwa natia kidole mle kwenye sponji. Hicho kitu nilikuwa sikikumbuki hata kidogo mpaka sekunde ile.

Nikaanza kusoma habari zake huku unacheza. Yule mama ni Marlena Shaw, mwimbaji wa Marekani, na hakuwahi kuingia studio na Mfaransa yule kwa ajili ya wimbo huu. Sauti yake imekatwa kutoka kwenye rekodi ya mwaka 1973, alipokuwa jukwaani kwenye tamasha la jazi la Montreux, mji wa kando ya ziwa kule Uswisi. Alikuwa anaimba "Woman of the Ghetto", wimbo aliourekodi kwanza miaka ya mwisho ya 60, unaowauliza wakubwa wanaotunga sheria jinsi mama wa mtaa wa kimaskini anavyotakiwa kulea watoto. Kwa hiyo pale anapozungumza, anazungumza na watu waliokuwa mbele yake usiku ule. Miaka 27 baadaye maneno yake yakawekwa juu ya ngoma mpya, afu watu wa Nungwi wakamwitikia kwa makofi, afu sisi tukapita naye Mbagala. Marlena Shaw alifariki Januari 2024. Nimechelewa kidogo tu kumjua.

Na kuna kipande kingine kimo humo kimetoka kwenye "Take Five". Ndiyo, ile ile! Nilimpigia jamaa wa kinanda usiku huo huo. Akasema, "Kumbe wimbo wa tano umekatwa ukaingizwa kwenye nne." Tukabaki tunacheka kama wendawazimu.

Lakini wakati wote huo nilikuwa namsubiri yule mwanaume. Dakika ya kwanza hayupo. Ya pili, ya tatu, hayupo. Pale kaseti ilipokuwa inakatika niliinua mkono kabisa, mwili wenyewe ulikuwa unasubiri ile tap. Haikuja. Wimbo ukaendelea mbele, mahali ambapo sijawahi kufika, vyombo vinapulizwa, ngoma zinakwenda. Karibu dakika 7 zote. Ukaisha. Mwanaume hakusema kitu. Nikaurudia mara tatu. Baba mdogo alisema kweli.

Nikalala nikijiambia kwamba nilibuni tu, si unajua tena akili ya mtoto.

Jumamosi nikaenda nyumbani Mbagala. Mama alikuwa uani anachambua mchele kwenye ungo. Nikakaa kwenye kigoda, nikatoa simu, nikaweka wimbo bila kusema neno. Sikumwambia natafuta nini, wala habari ya maneno yale sikumtajia.

Vidole vyake viliendelea kwenye mchele kidogo. Afu vikasimama. Hakunitazama, alikuwa anautazama ungo tu. Wimbo ukaenda, yule mama wa Montreux akasema maneno yake, akayarudia. Na mama yangu, kwa sauti nzito, sauti ambayo siyo yake, akasema:

"Kaeni vizuri huko nyuma."

Nilihisi baridi mgongoni mchana wa jua la Mbagala.

"Mlango wa kushoto ulikuwa haufungi vizuri," akasema, sasa kwa sauti yake. "Kila akikata kona ya Rangi Tatu lazima aseme. Hata kama mmekaa vizuri. Hata siku mmelala. Wimbo huu ndio ulikuwa wa kurudia nyumbani, kwa hiyo kona ilikuwa inaangukia humo humo."

Kwa hiyo mwanaume alikuwepo. Miaka yote hii nilikuwa naye ndani ya wimbo, nikidhani ni mmoja wa wanamuziki. Mfaransa aliikata sauti ya Marlena Shaw akaiweka kwenye wimbo wake. Na mimi, mtoto wa kiti cha nyuma, nilifanya hivyo hivyo na sauti ya baba bila mashine yoyote. Sauti yake ilikuwa imenipotea kabisa, jamani, nilikuwa nimeshajikubalisha kwamba siikumbuki. Kumbe nilikuwa naizungusha kila siku, ila jina la mwenye sauti ndilo nilikuwa sina.

Wimbo ulipoisha mama akarudi kwenye mchele. Akatoa kijiwe, akakitupa.

"Nani kakwambia jina lake?"

Nikafikiria kudanganya. Ningeweza kusema Profesa, au intaneti, na usingekuwa uongo mtupu. Nikasema, "Baba mdogo. Nilimpigia."

Akapepeta. Makapi yakaruka, kuku wakaja mbio. Alipepeta muda mrefu kuliko mchele ule ulivyohitaji.

"Hajambo?"

"Hajambo, mama. Kaseti anayo. Aliitoa kabla hajauza gari. Anaweza kuituma na boti."

Mama akaweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Vitu kama hivyo havitumwi na boti," akasema. "Vinaharibika." Akaingia ndani kuwasha jiko.

Sikumwuliza alimaanisha nini. Lakini jana usiku nilimwandikia baba mdogo meseji, nikamnakilia maneno ya mama kama yalivyo, sikuongeza wala kupunguza. Mpaka naandika hapa hajajibu. Ameisoma lakini.

Haya wadau, naishia hapo, testi ya Jumatatu inaniita na sijagusa kitu. Ila nina ombi moja. Kama kuna mtu nyumbani kwao bado ipo redio kaseti inayofanya kazi, isiyotafuna mkanda, anistue. Siyo ya kununua, ni ya kuazima siku moja tu. Nataka tuisikie ile tap.